Nati za Kushoto

Lilifika Nyakato mgongoni mwa lori la pamba,
Plymouth Valiant ya mwaka sitini na moja,
rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda,
usukani upande wa abiria,
na kuku wawili kwenye kiti cha nyuma
ambao Mama Lugwisha aliwaomba radhi kabla ya kuwatoa.
"La marehemu baba," akasema.
"Lingurume tu. Hata mara moja."

Nikafunua boneti. Injini imelala ubavu
kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.
Limegongwa hili, akasema Masalu, kijana wangu,
akaleta jeki.
Saa nzima tulihangaika kunyoosha
kitu kilichozaliwa kimeinama.
Maunti zote nzima. Hakuna kilichopinda
ila macho yetu, yaliyozoea Toyota.

Boliti zake ni za inchi.
Spana kumi na tatu inaingia, ndiyo, inaingia,
na hapo ndipo uongo wake: inaingia ikicheza,
inakula kona za boliti kidogo kidogo
mpaka unabaki na kichwa cha duara
na tusi usilotaka mteja alisikie.
Kinachokaribia kufaa ndicho kinachoharibu.
Nimeyaona hayo kwa spana,
nimeyaona kwa ndoa yangu ya kwanza,
lakini turudi kwenye gari.

Boya la kabureta lilikuwa limetoboka.
Nikajifanya mjanja. Nikashuka Kirumba mwaloni
nikanunua kiboya cha wavu wa dagaa,
nikakichonga usiku kwa wembe, nikajisifu.
Asubuhi petroli ilikuwa imekila chote,
umebaki ute mweupe kama uji wa mgonjwa.
Basi lile la shaba tukalichemsha kwenye sufuria ya chai,
mapovu yakatuonyesha tundu
dogo kuliko jicho la sisimizi.
Sonara wa Makoroboi akaliziba kwa tone la lehemu,
akakataa pesa, akataka siku moja aliendeshe.
(Chai ya wiki ile haikunyweka.)

Magurudumu ya kulia yalifunguka kama kawaida.
Ya kushoto yakagoma.
Tukamwaga dizeli, tukawasha moto,
tukaunga bomba la mita mbili kwenye spana,
Masalu akaning'inia.
Ta! Stadi ya kwanza.
Ta! Ya pili.
Ya tatu ilikatika huku nikiapa
kwamba sasa inalegea.

Ndipo nilipookota wilkepu iliyotupwa kando,
nikaifuta tope upande wa ndani, basi tu, kwa hasira,
nikakuta mwandiko wa rangi nyekundu, wa kale,
herufi za mtu aliyeng'ata ulimi akiandika:
FUNDI, HUKU KUFUNGUA NI KUFUNGA. POLE.

Nikakaa vumbini.
Huyu naye alivunja ngapi
kabla ya kulipata neno hilo la mwisho?
Hakuweka jina. Hakuweka mwaka.
Nati ya nne nikaizungusha upande
ambao mkono wangu uliukataa,
ikaja laini, bila kelele,
kama iliyokuwa ikingoja nimalize ubishi.

Kabla ya kurudisha wilkepu nikachovya brashi,
chini ya POLE nikaongeza: INJINI USIINYOOSHE.
Masalu akaomba nafasi, akaandika habari za boya,
kwa urefu, mpaka rangi ikaisha
katikati ya neno "dagaa".

Siku lilipowaka Mama Lugwisha hakulia.
Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kitambaa.
Akabonyeza kitufe, maana gia zake ni vitufe,
kama redio ya mbao,
likapanda mlima wa Bugando likinung'unika,
likafika juu, likatulia.
Halina gia ya kuegesha hili, nikamwambia,
na breki yake ya mkono ni ya kuomba Mungu.
Ukiliacha mteremkoni, weka jiwe nyuma ya tairi.

Akatazama kulia, akatazama kushoto,
majabali mpaka madirishani mwa watu.
"Mwanza hii, fundi," akasema,
"na hilo jiwe nalo utaniandikia kwenye bili?"